Unajenga Dar au pwani? Fanya nyumba ipoe yenyewe kwanza, AC na solar zije baadae

Kama ndo unatafuta ramani, au uko kwenye lenta unajiandaa kupaua, soma hii kabla hujampa fundi hela ya bati. Watu wanaojenga huku kwetu swali lao la kwanza siku hizi ni solar ya ukubwa gani itabeba AC mbili, na mimi huwa narudi nyuma kidogo nauliza hiyo nyumba imekaaje mpaka itake AC mbili. Joto la ndani sehemu kubwa tunalijenga wenyewe, kwa paa, kwa dirisha, kwa namna tulivyoilaza nyumba kwenye kiwanja, alafu tunakaa miaka na miaka tunalipia Luku kulitoa nje.

Tupige hesabu kwanza ili tuelewane. AC ya BTU 12,000 ya kawaida, isiyo ya inveta (zile zinazopunguza kasi zenyewe chumba kikipoa), ikiwa inapiga kazi inavuta kama kilowati moja na kidogo. Kwenye chumba chenye joto, kwa usiku mmoja yuniti 6 zinaondoka bila shida, mwezi ni yuniti 180. Mteja wa T1 (matumizi ya kawaida) bei yake ni sh 292 kwa yuniti, weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 unafika 356, ndo maana ukinunua umeme wa elfu kumi unapata yuniti 28 hivi kama siku hiyo hujakatwa kodi ya jengo. Kwahiyo hicho chumba kimoja ni kama sh 64,000 kwa mwezi. Feni ya dari ya wati 60 ukiiwasha masaa kumi kila usiku ni yuniti 18 kwa mwezi, haifiki hata sh 6,500. Na wale wa D1 (wa majumbani wenye matumizi madogo), wanaolipa sh 100 kwa yuniti (122 ukijumlisha makato) mradi wasivuke yuniti 75 kwa mwezi, AC hiyo moja inawamalizia zote kabla mwezi haujafika nusu, na zinazozidi bei yake ni 350 kabla ya makato.

Tofauti hiyo ya chumba cha AC na chumba cha feni ndo inayoamua kama solar yako itakuwa ya milioni chache au ya kuuza gari. Tuanze chini.

Kiwanja: jua na upepo

Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Maana yake jua la mchana linakaa karibu kabisa na utosi mwaka mzima, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 Oktoba linapita juu kabisa. Kuanzia Novemba mpaka Januari linalalia kusini kidogo, na Juni linalalia kaskazini. Jua la utosini linapiga paa. Jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini, linaingia mpaka kitandani, na hilo la jioni ndo baya zaidi kwasababu linakuta nyumba tayari imeshapata moto.

Kwahiyo ilaze nyumba mbavu zake ndefu ziangalie kaskazini na kusini, na ncha fupi ziangalie mashariki na magharibi. Najua viwanja vyetu vingi ni ishirini kwa ishirini na barabara ndo inaamua mlango unatazama wapi, ila hata kama huwezi kuigeuza nyumba nzima unaweza kupanga vyumba. Upande wa magharibi weka stoo, choo, ngazi, jiko, chochote ambacho hakilaliwi. Master usiipeleke magharibi hata kama ramani uliyoiona kwenye simu imeiweka huko, maana aliyeichora hajui kiwanja chako kiko wapi. Nenda na simu yako saa kumi jioni, simama katikati ya kiwanja, washa dira, uone jua liko wapi na kivuli cha nyumba ya jirani kinaishia wapi.

Upepo nao una ratiba yake na wazee wa pwani wanaijua vizuri kuliko sisi. Kaskazi inavuma miezi ya joto, kama Desemba mpaka Februari au Machi, inatokea kaskazini mashariki, kusi inakuja baadae kutoka kusini mashariki inaenda mpaka Septemba hivi. Chumba cha kulala kikiwa na dirisha linalopokea mojawapo ya hizo pepo na tundu jingine la kuitolea upande wa pili, umeshamaliza nusu ya kazi. Hilo tundu la pili ndo linasahaulika. Upepo hauingii kwenye chumba ambacho hauna pa kutokea, hata ukiweka dirisha kubwa namna gani. Angalia nyumba zetu za zamani za Kariakoo na Ilala, zile za vyumba huku na huku na ukumbi katikati: unaingia barazani, ukumbi unanyooka mpaka uani, milango yote miwili ikiwa wazi upepo unapita moja kwa moja. Ramani za sasa zimeua huo ukumbi zikaweka korido yenye kona tatu isiyo na dirisha, na korido hiyo inabidi iwashwe taa saa sita mchana.

Kama kona haiepukiki, weka kidirisha cha hewa juu ya kila mlango wa chumba, kama nyumba za zamani zilivyokuwa nazo, ili usiku mlango ukifungwa hewa bado ipite.

Na fensi. Ukuta wa tofali tupu wa mita mbili na nusu ukiwa umebana nyumba kwa mita moja na nusu, upepo wa kusi unaruka juu na wewe unabaki na joto lako. Upande unaotokea upepo tumia tofali za matundu sehemu ya juu, au acha nafasi kubwa zaidi upande huo kuliko upande wa magharibi.

Paa, hapa usibane hela

Ukitaka kujua kwanini nasisitiza paa, panda juu ya kenchi saa nane mchana kabla dari halijafungwa, unyooshe mkono karibu na bati bila kuligusa. Bati la rangi nzito likipigwa na jua kali linaweza kupita nyuzi 60, na huo moto wote linautupa chini, kwenye dari, kisha dari linakutupia wewe. Paa ndo sehemu ya nyumba inayopigwa na jua kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kivuli.

Rangi kwanza. Bati la msauzi la maruni, la bluu au la kijivu kizito linapendeza kwenye picha, lakini jeupe, krimu au la silva linarudisha jua jingi juu na bei yake mara nyingi haitofautiani, geji ile ile kiwanda kile kile. Hii ni punguzo la joto la bure kabisa na watu wanalipita. Kama ulishapaua na bati lako ni la rangi nzito, rangi nyeupe ya paa inapakwa juu yake, mradi fundi aoshe vumbi na mafuta kwanza.

Pili, foili. Kuna karatasi ngumu ya kung'aa inayotandikwa juu ya kenchi kabla bati halijapigwa. Inafanya kazi ya kurudisha mionzi ya joto lakini masharti yake mafundi wengi hawayafuati: lazima kuwe na nafasi ya hewa upande unaong'aa, sentimita mbili na nusu au zaidi, upande huo ukigusana na kitu hauna faida, joto linapita tu. Na kama inang'aa upande mmoja, upande huo utazame chini, kwasababu ukitazama juu vumbi litatua na baada ya mwaka haing'ai tena. Simama hapo siku wanaitandika, usiache uende kazini.

Tatu, toa hewa ya darini. Hewa ya moto ikikaa kati ya bati na jipsamu inageuka oveni usiku kucha. Acha matundu chini ya paa linapotokeza nje, na matundu mengine juu, kwenye zile pembetatu za ukuta au karibu na kofia ya bati kileleni, hewa ya baridi iingie chini ya moto itokee juu. Yote yafungwe wavu wa chuma, popo wakiingia kuwatoa ni kazi.

Sasa kuhusu paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya ukuta. Nalisema kwa moyo wote kwasababu naona vijana wengi wanaingia huko kwa ajili ya muonekano: nyumba ya paa la kuficha Dar haina paa linalotokeza nje, jua na mvua vinapiga ukuta na madirisha moja kwa moja. Paa la kawaida linalotokeza linakupa kivuli cha bure. Chukua dirisha la urefu wa mita 1.2. Upande wa kaskazini, jua la Juni saa sita mchana liko nyuzi 60 hivi kutoka usawa wa ardhi, kwahiyo paa likitokeza sentimita 70 tu juu ya dirisha, kioo chote kiko kivulini. Likitokeza mita moja unakuwa na kivuli hata saa tatu asubuhi. Upande wa kusini sentimita 40 zinatosha kwa saa sita ya Desemba. Ukishaamua paa la kuficha basi mwambie mchoraji aweke slebu ya kivuli juu ya kila dirisha kwa vipimo hivyo. Ila madirisha ya magharibi hapo hesabu hii haifanyi kazi, saa kumi na moja jua liko chini mno, utahitaji mti, baraza pana, au vibao vya kusimama vya kukinga pembeni. Au usiweke dirisha kubwa upande huo, ndo rahisi zaidi.

Madirisha

Madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi yameshika soko na nayaelewa, yanafunga vizuri na vumbi haliingii sana. Lakini hesabu vizuri: dirisha la mita 1.5 la kuslaidi linafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo muda wote. Umelipia tundu la mita 1.5 umepata sentimita 75, toa fremu, alafu weka grili, alafu weka wavu wa mbu. Wavu wenyewe unapunguza upepo, na ukijaa vumbi la barabara unaziba kabisa, jaribu kuushika kwenye mwanga uone. Uoshe kwa maji na sabuni mara kwa mara, chumba kitabadilika siku hiyo hiyo. Vyumba vya kulala mimi nashauri dirisha la kufunguka kama mlango, au luva, hizo zinatoa tundu karibu lote. Kama bajeti imebana, sebuleni weka za kuslaidi na vyumbani weka za kufunguka.

Kioo cheusi watu wanadhani kinaleta ubaridi. Kinapunguza jua kiasi lakini chenyewe kinapata moto na kinakutia giza mpaka uwashe taa mchana. Kivuli cha nje ya kioo kinashinda, maana jua likishapita kioo limeshaingia ndani, pazia halilitoi.

Ukuta na uwanja

Kwa pwani usihangaike sana na unene wa ukuta. Usiku wetu haupoi vya kutosha, ukuta mnene uliopigwa na jua la jioni unakaa na joto mpaka saa sita usiku, shika ukuta wa magharibi saa mbili usiku utanielewa. Majumba ya mawe ya Mji Mkongwe yana kuta nene, lakini angalia pia yalivyosongamana, vichochoro vyembamba, jua haligusi kuta zenyewe, na chokaa nyeupe juu yake. Vyote vinakwenda pamoja. Wewe mwenye nyumba iliyosimama peke yake Kibaha au Kigamboni, kinga ukuta usipigwe jua, paka rangi nyeupe au krimu nje, tofali la nchi 6 linatosha. Kama unataka kupunguza gharama na saruji, ulizia tofali za udongo na saruji za kufungamana, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamefanya kazi hiyo muda mrefu na wamefundisha mafundi.

Uwanja usiujaze pevingi wote. Najua inapendeza na gari haliingii matopeni, lakini zege lote hilo linapata moto na upepo unaokuja dirishani unapita juu yake. Weka njia ya gari, kwingine panda ukoka, na upande wa magharibi mwarobaini au mwembe, umbali wa mita tano au zaidi kutoka kwenye msingi.

Wa Dodoma na Singida nyie ni tofauti, usiku kwenu unapoa, ukuta mnene unawafaa. Na wa Mbeya, Njombe na Makete mnatafuta joto: madirisha makubwa yaangalie kaskazini, ili Juni na Julai wakati wa baridi kali jua liingie ndani mchana, na usiku mfunge vizuri.

Vya ndani, kwa kifupi

Taa za LED hili limeshaeleweka. Hita ya kuogea ya kilowati 5.5, dakika kumi ni karibu yuniti nzima, familia ya watu watano wakioga asubuhi ni karibu yuniti tano hata hujachemsha chai, kwahiyo kama lazima maji ya moto tafuta hita ya jua ya juu ya paa. Friji la mtumba kuukuu ni hatari kwa Luku: bana karatasi kwenye mlango wake, ikichomoka kirahisi mpira umekufa. Kwa Kenya kuna lebo za nyota kwenye mafriji na AC tangu kanuni za 2016, nyota nyingi umeme kidogo, na vifaa vingine vyenye lebo hizo unavikuta mpaka huku, zisome. Kupika, presha kuka ya umeme inaivisha maharage kwa chini ya yuniti moja, linganisha na mkaa. Na AC kama bado unaihitaji chumba kimoja cha wagonjwa au wazee, nunua ya inveta, weka nyuzi 25 au 26 na feni iwe inazunguka, safisha chujio, mashine ya nje ikae kivulini.

Alafu pima. Andika namba ya Luku saa mbili usiku na saa moja asubuhi, siku moja na AC, siku nyingine bila. Ukishajua nyumba inakula yuniti ngapi usiku na ngapi mchana ndo unaweza kuongea na muuza solar, bila hivyo atakuuzia alichonacho.

Solar na kanuni zake

Kwa Dar, kilowati moja ya paneli inatoa kama yuniti 4 kwa siku ya kawaida. Paneli ziangalie kaskazini, zilale nyuzi 10 hivi, sio bapa kabisa, ili mvua izioshe. Kivuli cha tangi la maji kikigusa paneli moja kinaweza kuvuta chini mstari wote, kwahiyo tangi likae kusini ya paneli. Nyumba iliyopoa yenyewe, yenye feni, friji, taa, TV na pampu, inakula kama yuniti 4 mpaka 5 kwa siku, unaona sasa mfumo wake ni mdogo kiasi gani. AC moja ya usiku inakudai betri ya kutoa yuniti 6 nyingine na paneli kama kilowati 1.5 za kuijaza. Betri ndo inakula hela. Za lithiamu bei iko juu lakini unaweza kuzitumia karibu zote, za asidi ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa mapema.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hawaambiwi: inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) ya kuungana na gridi isiyo na betri inajizima pale umeme wa TANESCO unapokatika, hata kama jua linawaka. Imetengenezwa hivyo kwa usalama wa mafundi walioko kwenye nguzo. Kama lengo lako ni kukatika kwa umeme, ulizia ya haibridi yenye betri na uandikiwe kwenye risiti kwamba inafanya kazi gridi ikiwa imezima.

Upande wa sheria. Sheria ya VAT ya 2014 ilisamehe paneli, inveta za solar, chaja kontrola na betri za solar, kwahiyo soma ankara yako, ukiona VAT kwenye vitu hivyo uliza. Kuuza ziada kwenye gridi, Tanzania tuna kanuni za 2018 chini ya EWURA, mita inahesabu ulichotoa na ulichochukua, lakini usiunganishe kimya kimya, unaomba TANESCO kwanza na fundi awe na leseni ya EWURA. Kenya Sheria ya Nishati ya 2019 inaruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1, na kanuni za 2024 zinakupa nusu ya yuniti kwa kila yuniti uliyorudisha, maana yake hata huko faida kubwa ni kutumia umeme wako mchana mwenyewe: pampu, pasi, mashine ya kufulia, maharage, vyote saa tano mpaka saa tisa.

Na niseme hili kwa wanaoandika kanuni. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, ni kazi kubwa ya taifa, lakini umeme huo hatuutendei haki tukiupeleka kwenye nyumba zenye bati jeusi na dirisha la magharibi. Rwanda tangu 2019 wameweka masharti ya chini ya majengo ya kijani kwa majengo makubwa. Kwetu ofisa anayepitia ramani ya kibali angeweza kuuliza vitu vitatu tu, kivuli cha dirisha, rangi ya paa na tundu la pili la hewa, na haviongezi gharama yoyote ya maana. Mpaka hapo itakapofika, muulize mchoraji wako mwenyewe kabla hajapiga muhuri.

Mwisho, hata kama hela ya solar huna sasa, wakati wa kupaua mwambie fundi umeme apitishe bomba la nchi moja na nusu kutoka juu ya dari mpaka kwenye DB (boksi la kugawia umeme), aache nafasi ya DB ya pili pembeni yake, na aweke nyaya za feni za dari kila chumba zenye ndoano iliyofungwa kwenye kenchi yenyewe, sio kwenye jipsamu. Hiyo ni kazi ya nusu siku sasa, ukisubiri ukuta ukishapigwa skimu na rangi ni kubomoa.